Mkono Usiobeba Sanduku

Siku niliyoondoka Winschoten kwenda kusomea uuguzi
baba alinisindikiza stesheni mikono mitupu.
Sanduku nililibeba mwenyewe.
Lilikuwa zito, mpini wake ukinikata vidole,
naye, pande la mtu, sajini wa polisi,
alitembea kando yangu, mikono kaizika mifukoni,
akizungumzia bei ya viazi.
Nilimkasirikia miaka kumi na mmoja.

Mjini walimsifu.
Roelf Tammeling, walisema, huyo ndiye mpiga kengele.
Hadithi hiyo naijua kama sala ya chakula:
alivyopewa orodha saa nane za usiku,
majina na namba za nyumba, wino haujakauka,
akapanda baiskeli yake ya matairi ya mbao
na kila alipokata kona
akaipiga kengele, kriing, kriing,
kama mlevi, kama mtoto aliyenunuliwa kengele mpya,
mpaka mapazia yakatikisika,
milango ya nyuma ikafunguka taratibu,
watu wakavuka vitalu vya kabichi
viatu wameshika mkononi.
Alipobisha hodi alikuta vikombe vya moto na viti vitupu.
Akaandika kwa mwandiko wake wa shule: Hawapo.
Hawapo. Hawapo. Ukurasa mzima.

Wakubwa wake walimwona mzembe.
Afisa mmoja wa Kijerumani alimwita ng'ombe.
Hakuna aliyemwambia afisa yule
kwamba kikulacho ki nguoni mwako,
na huyu alikuwa ndani ya nguo hasa:
koti la sare, vifungo vinane vya shaba,
na chini ya bitana, mama alikoshona mfuko,
kadi za mgawo za watu kumi na wanne
ambao kiserikali hawakuwa na matumbo.

Wanne kati yao walikaa darini kwetu.
Mimi niliambiwa ni panya.
Panya wetu walikuwa na kikohozi,
na mmoja, mwenye miwani iliyofungwa uzi,
alinifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili.

Baba alipokufa, mama alimenya tufaha sita
kabla hajafungua kinywa.
Kisha akasema, bila kuniangalia:
Kulikuwa na orodha nyingine. Ya kwanza.
Oktoba ya arobaini na mbili, kabla ya kengele.
Ile aliitimiza.

Jina lilikuwa moja tu, Roosje Drielsma,
mjane aliyetuuzia uzi na vifungo,
aliyekopesha bila kuandika.
Baba alibisha kwa adabu. Alivua kofia.
Alingoja bibi yule amwagilie ua lake dirishani,
afunge gesi, arudi tena kuhakikisha gesi.
Kisha, kwa kuwa sanduku lilikuwa zito,
kwa kuwa yeye alilelewa vizuri,
alimbebea
kutoka mlangoni, kupita duka la mikate, kupita daraja,
mpaka penye behewa.
Pale akampokea sanduku lake na kumwambia:
Asante, Roelf. Mama yako alikulea.

Wangemtukana, mama alisema, angelala.
Wangemtemea mate angenawa.
Lakini shukrani ile haikupata pa kutokea.
Alikaa jikoni mpaka asubuhi, kofia magotini,
na juma lililofuata akaenda kununua kengele,
ile kubwa, ya watu wa maziwa.

Sijui kama kumi na wanne wanalipa deni la mmoja.
Hesabu hiyo panya hakunifundisha;
nadhani naye hakuijua.
Na duka la uzi sasa ni la kuuzia redio.

Ninachokumbuka ni jukwaa la stesheni, upepo wa Februari,
mimi dirishani na hasira zangu,
sanduku juu ya kichwa changu, nimelipandisha peke yangu.
Treni ilipoanza kujivuta
baba alitoa mkono mmoja mfukoni,
akautazama kiganja,
akasahau kunipungia.